Maneno Mawili ya Tata Enteprete

Katika mtaa wetu, pale Kolwezi, hakuna mtu aliyemwita kwa jina lake. Kila mtu alisema Tata Enteprete, hata mkewe, hata padri siku ya Jumapili. Alikuwa mkalimani wa mahakama, kazi aliyoifanya miaka mingi kuliko jaji yeyote aliyepita pale, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu. Mimi pia sitamtaja. Kuna siku bado nina hasira naye, na nikilitaja jina lake nitaanza kutukana badala ya kusimulia.

Basi nianze na hiyo hasira ili itoke njiani. Mtu huyu alimpotezea mama yangu nyumba kwa maneno mawili. Hakula rushwa, hakumpendelea mtu, hakuficha karatasi. Alisema maneno mawili mbele ya watu, halafu akanyamaza kwa miaka kumi na mmoja. Mazuri yake ni mengi, na nitayasema yote, maana nikiyaacha nitakuwa mwongo.

Ukitaka kumjua, ungemwona kazini. Mfupi, mwembamba, koti lake la abakosti, la kahawia, limefungwa vifungo hadi kooni, kama ilivyotakiwa miaka ile, wakati tai zilikatazwa na majina ya ubatizo yakabaki kanisani. Alisimama kushoto kwa jaji, mikono nyuma, macho sakafuni. Alijua Kifaransa, Kiswahili, Kiluba, Kilunda, Kichokwe cha watu wa Dilolo, na Kibemba kidogo cha kutosha kugombana. Mtu akisema, yeye alingoja amalize, akameza mate, ndipo akayatoa yote aliyoyasikia, hata yale ambayo mwenyewe angependa yasahauliwe.

Kuna mzee mmoja alitoka Musumba kuja kudai binti yake kwa mkwe. Jaji alimuuliza maswali mpaka akachoka, na alipochoka akamwambia jaji kwa Kilunda kwamba yeye ni mtoto mdogo mwenye tumbo lililojaa mbuzi za watu. Walunda waliokuwa ukumbini walicheka. Jaji akataka kujua wanacheka nini. Tata Enteprete akanyoosha mgongo, akasema kwa Kifaransa safi, taratibu, akimtazama jaji: "Wewe ni mtoto mdogo, na tumbo lako limejaa mbuzi za watu." Jaji alisimama, akamuuliza kama amerukwa na akili.

"Citoyen juge," akajibu, "mi hapa siko na kinywa. Kinywa ni ya ule muzee."

Alitolewa nje, akakaa juani mpaka ofisi zikafungwa. Kesho yake alisimama pale pale, mikono nyuma. Hakuomba radhi, na jaji naye hakuigusa tena ile habari, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine mjini aliyejua lugha zote zile.

Alikuwa na desturi ya kusema "mimi" kwa niaba ya kila mtu. Mwizi akikiri, Tata Enteprete alisema, "Mimi nimeiba baiskeli." Mwanamke akilalamika, yeye, na ule upara wake, alisema, "Bwana yangu ananifukuza kila nikichukua mimba." Watoto wa mtaa walimjua kwa hayo. Akirudi jioni walimfuata wakipiga kelele kwamba Tata Enteprete ana mimba, na yeye alipita tu, kofia mkononi, bila hata kugeuza shingo.

Alikuwa na daftari la shule, la mistari, ambamo aliandika maneno ya Kifaransa yaliyokosa wenzao katika lugha zetu. Siku za Jumamosi alilibeba sokoni. Nilikuwa nikinunua sombe, yale majani ya muhogo, siku aliyokuwa akitafuta neno la uzembe, ule uzembe wa kisheria ambao mtu hufungwa kwa ajili yake. Alichutama mbele ya mama mmoja muuza mboga.

"Mama, kama mutu anaacha moto inawaka, anaenda kupiga masolo na jirani, na nyumba inaungua, iyo munaiitaka jina gani?"

"Iyo tunaiitaka muke wa pili ya bwana yangu," mama akajibu, na soko zima likaangua kicheko. Tata Enteprete hakucheka. Aliandika kitu, akamshukuru yule mama kwa heshima zote, akaenda kumuuliza muuza chumvi.

Nyumbani, kimya. Mkewe, mwanamke mnene mwenye utani, alituambia, "Kinywa yake anaiachaka ku tribunali. Apa anakujaka na meno tu." Watoto wake waliomba ruhusa kwa mama yao, naye akawajibu kwa niaba yake. Kwenye vilio vya watu hakutoa hotuba. Baba yangu alipofariki, Tata Enteprete alikuja kukaa nasi siku mbili nzima, hakusema lolote, akawa anapanga viti na kuvirudisha kwa waliovikopesha. Wengine walikuja wakalia kwa sauti, wakala bukari yetu, wakaenda. Yeye nilimpenda sana siku zile, na hilo ndilo linalofanya hasira yangu isitulie mahali pamoja.

Sasa Kilatini. Ujanani alikuwa amekaa seminari miaka michache, akatoka. Sababu hakuisema na mimi sikuichimba. Lakini Kilatini kilibaki kwake. Misa ilipoanza kusomwa kwa Kiswahili, wengi tulifurahi kwamba sasa tunaelewa tunachoomba. Yeye alikaa benchi la nyuma akijibu kwa Kilatini peke yake, kwa sauti ya chini. Na pale mahakamani, mtu huyu ambaye alivusha kila neno la kila mtu, hakuvusha Kilatini hata siku moja. Jaji akisema neno la Kilatini, Tata Enteprete alilirudia vile vile lilivyo, akilitamka vizuri kuliko jaji.

Nilimuuliza siku moja akipita langoni kwangu, nikidhani nafanya utani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la sita, na mambo ya maneno tuliyapenda wote wawili.

"Mwalimu," akasema, "Latini haitafsiriwaka. Juge mwenyewe haitafsiri, mi niko nani?"

Nikamwambia kwamba watu hawaelewi. Akanitazama, akasema asiyeelewa aulize. Nadhani kwa siku nzima alibeba vinywa vya wengine, na alitaka kimoja kibaki chake mwenyewe. Sikuona ubaya wowote.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya kampuni ya shaba. Nyumba ya kampuni ungekaa mpaka kazi iishe, kisha unatoka, kwa hiyo alijenga yake mwenyewe katika cité, nje ya kambi ya kampuni, kwa matofali aliyoyachoma kwa mikono yake siku za mapumziko. Vyumba vinne, baraza ya saruji nyekundu, ua wa maua ya njano. Lupango, yaani kiwanja na nyumba yake, vyote vilikuwa kwa jina lake. Alipokufa, mdogo wake alikuja kulia, akalala kwetu wiki nzima, na alipoondoka aliondoka na karatasi za lupango ndani ya koti. Mwezi uliofuata aliweka wapangaji. Mama akaja kuishi kwangu na sanduku moja na picha ya baba. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kurudi kwenye baraza ile na kuzeeka pale. Akashtaki.

Kesi iliitwa mara ya kwanza, mara ya pili, na mara zote baba mdogo hakufika. Mara ya tatu niliomba ruhusa shuleni, nikaenda na mama. Ukumbi ulikuwa wa joto. Jaji, kijana mgeni aliyeletwa kutoka mbali, alitafuta karatasi fulani ndani ya faili, hakuiona, akalifunga faili, akasema kwa Kifaransa, haraka haraka, maneno ambayo watu wa sheria husema kila siku. Tata Enteprete akameza mate, akamgeukia mama.

"Mambo ya lupango ya huyu mama inarudishwa, sine die."

Aliyatamka kwa namna ya Wafaransa, kama jaji: siné dié. Sine ni bila. Die ni siku. Na kurudishwa, kwa lugha ya pale mahakamani, ni kuahirishwa: kesi imeahirishwa, na siku ya kuirudia haikutajwa. Kisheria haijafa. Imelala, na anayetaka iamke anapeleka barua kwa karani kuomba apangiwe siku. Asipoomba, italala mpaka karatasi zake ziliwe na mchwa. Barua moja tu. Ningeweza kuiandika wakati wa mapumziko ya saa nne, watoto wakicheza uani.

Lakini mama hakusikia sine die. Mama Kifaransa chake kilikuwa kidogo, na katika hicho kidogo kulikuwa na maneno mawili aliyoyajua barabara. Signé, kwa sababu kila karatasi ya kampuni aliyoletewa na baba ilikuwa na neno hilo chini yake. Na Dieu, la kanisani. Alisikia kwamba lupango linarudishwa, signé Dieu. Linarudishwa, na aliyetia sahihi ni Mungu.

Aliruka. Mama yangu, mwenye magoti mabovu, aliruka. "Signé Dieu! Mwanangu, umesikia? Inarudishwa! Mungu mwenyewe amesinye!" Wanawake wa nyuma, ambao hata kesi hawakuijua, walipiga vigelegele. Katika miaka ile, ambapo ofisini hata salamu ilianza kwa jina la kiongozi, jaji kumtaja Mungu hadharani kulionekana kama muujiza, na nani anahoji muujiza? Karani alikuwa ameshaita kesi nyingine. Nilimwona Tata Enteprete akigeuka, akimtazama mama anavyocheza. Alimeza mate, kama afanyavyo kabla ya kusema. Kisha kesi nyingine ikaanza, naye akaigeukia.

Na mimi je? Mimi, mwalimu wa imla ya Kifaransa, ninayechapa watoto kwa aksenti moja iliyokosekana? Nilisikia signé Dieu vile vile. Nilishangaa kidogo, nikajisemea kwamba huyu jaji kijana ni mcha Mungu. Nikamshika mama mkono, tukaenda nyumbani tukaimba njia nzima. Kwa hiyo nikimcheka mama, nijicheke kwanza mimi.

Mama alianza kungoja hati ya mahakama. Katika nchi yetu miaka ile kungoja karatasi haikuwa habari. Watu walingoja cheti, kibali, pensheni, wengine mpaka wakazikwa, na hakuna aliyeona ajabu. Kila asubuhi mama alifagia mbele ya lango, na Tata Enteprete alipopita kwenda kazini alimsimamisha.

"Jambo, Tata. Karatasi?"

"Bado, mama."

Ilikuwa kweli. Bado. Mtu mkali wa maneno kama yeye hakusema uongo hata mara moja.

Mama alinitaka niandike yale maneno kwenye kadi tuyatundike chini ya picha ya baba. Nikaandika kwa wino wa bluu, herufi za kulala, signé Dieu, na aksenti yake juu ya e. Wiki chache baadaye Tata Enteprete alikuja kuturudishia sufuria ambayo mkewe aliikopa. Mama alimkaribisha kwa furaha, akamwonyesha ile kadi. Alisimama mbele yake muda mrefu, sufuria mkononi. Nilidhani anasali.

"Mwandiko ni muzuri," akasema, akaweka sufuria chini, akatoka.

Mwaka wa tatu baba mdogo aliiuza nyumba kwa mfanyabiashara wa Dilolo. Mwenye mali mpya hakuitaka nyumba, alitaka kiwanja. Akaibomoa mpaka baraza, akajenga ghala la chumvi na samaki wakavu. Mama aliposikia alitoka peke yake asubuhi, akarudi jioni, akalala akitazama ukuta. Nilimwambia twende mahakamani.

"Apana," akasema. "Nilishaendaka."

Nilidhani anasema amekwenda kuiona nyumba. Sikumsumbua. Tulijua wote kwamba hati ya jaji ingeweza kufika ikamkuta mwenye nguvu ameshamaliza, na kwamba hilo ndilo lililompata mama. Niliishusha ile kadi ukutani, naye hakuniuliza iko wapi. Siku ya tatu aliamka, akachukua ufagio. Tata Enteprete alipopita, nikasikia sauti yake ile ile.

"Jambo, Tata. Karatasi?"

Nilisimama jikoni. Nikajua huzuni imemharibu mama akili. Hakukuwa na nyumba tena, karatasi ya nini? "Bado, mama," akajibu yule mzee, akaondoka mbio mbio. Ikawa hivyo kila siku ya kazi, mvua na kiangazi. Nilimshukuru hata, kwamba anamvumilia mwanamke aliyechanganyikiwa. Wakati mwingine nilimpelekea mayai.

Alistaafu akiwa ameanza kupoteza meno. Hakuacha kwenda mahakamani. Alikaa kwenye benchi la nje, kofia magotini, akisikiliza dirishani. Mkalimani mpya alikuwa kijana mwenye haraka. Mtu akisema maneno mia, yeye alimpa jaji kumi. Tata Enteprete alirudi jioni uso umemvimba kwa hasira. Mkewe alikuwa amefariki wakati huo, na nyumba ile ya tatu ikawa na mtu mmoja asiyesema.

Kisha tai zikaruhusiwa tena. Jumapili moja baada ya misa tulimwona anaingia kwetu amevaa tai nyeusi yenye harufu ya sanduku. Mama alikuwa uani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Hakwenda kwa mama, alikuja kwangu.

"Mwalimu, niko na mambo ya kuambia mama yako. Mu Swahili haitoke. Nimejaribu. Nitaisema mu Kifaransa, weye utamupatia."

Nilidhani mzee anatania. Alisimama mbele ya mama, mikono nyuma, akanionyesha kwa kidevu nisimame kushoto. Nikasimama. Akaanza kusema, sentensi moja moja, akiningoja. Nami nikasema "mimi" kama alivyozoea yeye, bila kufikiri.

"Mimi siku ile nilikukosea," nikamwambia mama. "Jaji hakumtaja Mungu. Alisema sine die, na maana yake ni bila siku. Ningeweza kusema bila siku. Mtoto angeweza. Sikusema kwa kiburi changu. Nilipokuona unacheza niliona haya kukuzuia, kesho yake nikaona haya zaidi, na kesho yake zaidi. Ilitakiwa barua moja. Nyumba ilikuwepo bado miaka miwili. Kila asubuhi ningeweza kukuambia."

Hivyo ndivyo nilivyojua, nikiwa nayatoa mwenyewe kinywani. Nilitaka kumsukuma mpaka barabarani na tai yake. Lakini nilimaliza, kwa sababu alikuwa hajamaliza.

Mama hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe katika maharagwe.

"Umuambie nilishajuaka," akasema. "Ile siku balibomoa nyumba, nilipitaka ku tribunali. Karani mumoja akaniambia, mama, iyi kesi haina siku, ilikuwa kuandika tu barua. Umuambie tangu pale nilikuwa namuuliza kila asubuhi, nione siku gani atasema."

Tata Enteprete alikuwa amesikia kila neno; Kiswahili alikijua kuliko mimi. Lakini alibaki pale, kichwa chini, akiningoja. Nikamgeukia nikamtafsiria yote kwa Kifaransa, mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesomewa karatasi yake, akatoka. Mama akapeleka maharagwe motoni. Mchana tulikula, na nilipotaka kumuuliza miaka yote ile aliwezaje, alinyanyuka akaenda kuosha sahani.

Asubuhi ya Jumatatu Tata Enteprete alipita saa yake ile ile. Mama alikuwa langoni na ufagio.

"Jambo, Tata," akasema.

Hakuongeza kitu. Yule mzee alisimama. Nilimwona kutoka dirishani, kofia mkononi, akimtazama, akingoja aulizwe. Mama alifagia mpaka miguuni pake, akazungusha ufagio kando ya viatu vyake, akaendelea upande wa pili.